Pale Wimbo Unaposimama

Nashville, Tennessee
24 Februari 1969

Shangazi Vesta,

Keti kwanza. Kama umesimama na barua hii mkononi, vuta kiti, maana sitaki uanguke halafu watu wa Pigeon Fork waseme Loma Stidham kamuua shangazi yake kwa habari njema.

Nimepata! Bwana Prewitt, yule mzee wa kampuni ya santuri niliyekuambia anakula mayai kila asubuhi mkahawani kwetu, jana kakubali kunisikiliza. Nikampigia nyimbo nne palepale jikoni, wapishi wamesimama na miiko yao. Tatu za kwanza alizisikiliza kama mtu anayesubiri basi. Ya nne ikawa "Kofia Mlangoni". Unaujua. Ni ule wimbo wako wa kuvunjavunjia maharagwe mabichi, uliokuwa ukiuimba barazani kwa la-la-la, nami nikautilia maneno:

Umekwenda na koti, umeniachia kofia,
nikiitundika mlangoni, wageni watadhani upo.

Aliweka uma chini. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Hebu tena." Leo asubuhi kanipeleka studio, studio yenyewe, na tarehe 13 Machi tunarekodi.

Sasa sikiliza balaa. Unajua baada ya neno "kofia" wimbo unasimama kidogo. Mapigo mawili ya ziada, hakuna sauti ya mtu wala ya gitaa, ndipo mstari wa pili unaingia. Wapigaji wa huku wanasema wimbo wangu unachechemea. Wao wanahesabu nne, nne, nne kama askari, na wakifika hapo wanagongana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Mpiga besi kaniuliza, "We binti, hapo umesahau maneno?" Bwana Prewitt akasema niunyooshe, watu wanacheza kwa miguu miwili, siyo mitatu.

Nikamwambia ng'o. Nikamwambia mbele ya wote: hapo ndipo shangazi yangu alipokuwa akimeza machozi, kiangazi kile paa la mgodi lilipomwangukia mumewe, Anko Hobart, nami nikaletwa kukaa na shangazi nikiwa na miaka tisa. Bwana Prewitt alivua miwani akaifuta. Akasema, "Kama ni hivyo, tutauacha ulivyo, na tutachapa habari hiyo nyuma ya kasha la santuri. Lakini nataka shangazi aandike mwenyewe. Pasipo hilo, unaunyoosha au unarudi kubeba sahani."

Kwa hiyo niandikie, shangazi yangu wa pekee. Mistari mitatu inatosha. Sijawahi kutaka kitu duniani kama ninavyotaka wimbo huu utoke hivi ulivyo.

Wako mwenye vidole vilivyochubuka,
Loma


Pigeon Fork, Kentucky
1 Machi 1969

Loma,

Nimeketi, nimesoma, na nimefurahi mpaka nikampa jogoo mkate wa mahindi uliokuwa chakula changu cha mchana. Ova Napier, mke wa mchungaji, alikuwa hapa kuazima sufuria. Nimemsomea sehemu zinazosomeka. Anasema Mungu akulinde na mabaa na wanaume wenye viatu vyeupe.

Kuhusu huo wimbo: unyooshe. Mtu anakupa nyumba nzima, wewe unagombania kizingiti? Mapigo mawili ni kitu gani? Yapunguze, waungwana wapige ngoma yao, wewe uwe na santuri yako na mimi niwe na cha kuwaringishia wanawake wa kanisani.

Barua ya kuchapwa sina. Mambo ya Hobart ni ya Hobart. Miaka kumi na moja amelala kule juu, mwache alale. Kofia yake iko mlangoni kwa sababu msumari uko mlangoni, basi.

Na nani kakuambia nilikuwa nalia? Mtoto wa miaka tisa anaona mengi na anajua machache. Usijenge hadithi juu ya mgongo wangu, una maumivu tayari.

Kula vizuri. Huo ugali mweupe wa mahindi wanaouweka mezani huko usiuache kwa sababu hauna ladha, utie siagi.

Shangazi yako,
Vesta Fugate


Nashville
5 Machi 1969

Shangazi,

Umenikera, na ninakupenda, na umenikera.

Nimejaribu kuunyoosha. Usidhani sijajaribu. Siku mbili nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu unahesabu, kidole gumba kinatembea dum, da, dum, da, vidole viwili vinachuna nyuzi nyembamba kwenda juu, vilevile ulivyonifundisha kwenye banjo ya babu. Sauti naitolea puani kama tulivyozoea, siibembelezi. Kila kitu kinakwenda. Nikifika "kofia", mkono unasimama wenyewe! Nikiulazimisha uendelee, wimbo unapita kama mtu anayekatiza msibani huku anapiga mluzi. Maneno yaleyale, sauti ileile, na hakuna mtu ndani.

Na usiniambie sikuona. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya baraza, beseni la maharagwe katikati ya miguu. Ulikuwa ukifika hapo unageuza uso upande wa bustani, unainama kidogo, kisha unajifuta kwa pindo la aproni. Kila mara! Unageuka nisikuone. Ulidhani mimi kipofu? Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa nahesabu, moja, mbili, nikijua sasa shangazi kamaliza kulia, sasa anarudi.

Najua unaona haya. Huko kwetu mtu akifiwa anaambiwa ajikaze, na wewe umejikaza mpaka umekuwa gogo. Lakini haya ya nini? Bwana Prewitt keshamwita mpiga ngoma mpya, Odell Crump wa Arkansas, eti ndiye fundi wa kunyoosha waimbaji wa milimani. Na mwandishi wao keshaanza kuandika: "Katika bonde moja la Kentucky, mjane mmoja alimeza machozi yake…" Inakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa, tarehe 14. Usipoandika wewe, nitatia sahihi mimi kwa niaba yako.

Nijibu haraka, tafadhali.

Loma


Pigeon Fork
8 Machi 1969

Loma,

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho leo kwenye sanduku la barua. Soma peke yako, kisha karatasi hii itie motoni.

Sikuwa nalia. Nilikuwa natema.

Ugoro, mwanangu. Ugoro mtamu, wa kopo la bati, ule unaouweka ndani ya mdomo wa chini. Mtu huwezi kuimba na mate ya ugoro yamejaa mdomoni. Kwangu mimi yanajaa mwisho wa mstari wa kwanza. Unageuka, unatema bustanini, unajifuta, unaendelea. Hayo ndiyo mapigo yako mawili: la kwanza la kutema, la pili la kujifuta. Huko Nashville watu wanavua miwani kwa ajili ya mate yangu.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu mwaka 1955, kwenye mkutano wa injili, nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba Bwana ameniondolea ugoro. Na kweli aliniondolea, kwa siku nne. Siku ya tano nikamrudisha shetani ndani kwa mlango wa nyuma, na kopo lipo hadi leo nyuma ya pipa la unga. Mchungaji wetu, Ndugu Hiram, hunitolea mfano kila mwaka. "Mtazameni Dada Vesta!" Wananitazama, nami nimefunga mdomo kama mtu mwenye staha, kumbe nimeujaza.

Sasa waandike kwamba nilikuwa namlilia Hobart? Hapana. Kusema uongo kanisani nimezoea, lakini Hobart hatauzwa dukani kwa mate yangu. Mwambie huyo mwandishi afute. Mwambie shangazi yako hana akili, mwambie unalotaka. Ila neno ugoro lisikutoke, Loma. Ova Napier akijua, hata wafu wa makaburini watakuwa wamejua kabla ya chakula cha jioni.

Ukiunyoosha wimbo, hutakuwa umepoteza kitu. Ni mate tu.

Mimi mwongo wako,
Vesta


Nashville
13 Machi 1969, saa kumi na moja jioni

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Barua yako imefika leo asubuhi, nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Nimeisoma nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Kisha nikalia kidogo, maana muda wa miaka kumi na moja nimekuwa nikikuonea huruma kwa sababu ya ugoro!

Kisha nikaogopa. Kwa sababu wewe unasema ni mate tu, niunyooshe, na mimi nikaenda studio nikiwa nimeamua kuunyoosha. Kweli kabisa. Nilimwambia Bwana Prewitt, "Nilikosea. Shangazi hakuwa analia. Msichape kitu." Uso wake ukawa baridi kama mtindi uliohifadhiwa kisimani. "Basi," akasema, "nne, nne, nne. Twende kazi."

Tukaenda. Nikafika "kofia", mkono ukasimama. Mara ya pili, ukasimama. Mara ya tatu Bwana Prewitt akapiga kioo kwa kalamu. "We binti, kama hakuna machozi hapo, unasimama kufanya nini?"

Na hapo, shangazi, nikafahamu jambo. Mimi sijabwia ugoro hata siku moja. Hapo nilipokuwa nasimama sikuwa natema wala kujifuta. Nilikuwa nakusubiri. Nilijifunza wimbo nikikusubiri, na siwezi kuuimba bila kukusubiri. Hayo mapigo mawili huenda yalikuwa yako, lakini sasa ni yangu.

Nikamwendea Odell Crump, mzee mnene, vijiti vyake vimekaa mapajani. Nisamehe, nilimwambia yeye peke yake, sikioni. Alinitazama. "Kutema?" akasema. "Kisha kujifuta?" Nikasema ndiyo. "Jamani binti, si ungesema toka mwanzo! Bibi yangu alinilea huku kopo liko mfukoni mwake. Naijua hiyo hesabu kuliko jina langu." Akawageukia wenzake: "Wazee, acheni kuhesabu. Nifuateni mimi nikigeuza kichwa."

Tukapiga. "Umeniachia kofia," nikaimba. Odell akageuza kichwa kushoto, moja. Akageuka tena mbele, mbili. Na wote tukaingia pamoja kama mlango mmoja unaofunguka! Mpiga besi akapiga yowe katikati ya wimbo, ikabidi turudie. Mara ya pili ilikuwa safi, safi, safi.

Bwana Prewitt alitoka nyuma ya kioo. Mwisho akasema, "Hai," akaondoka. Sijui alimaanisha wimbo u hai au ananisalimu.

Barua nimeichoma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Odell ni kata asiyesema.

Loma


Nashville
1 Aprili 1969

Shangazi, fupi tu, posta inafungwa.

Santuri imetoka, ila Bwana Prewitt hakulala bila akiba. Kachukua ule utepe wa kurekodia, akaukata kwa wembe pale penye kimya, akauunga kwa gundi. Sasa anazo mbili: inayochechemea na iliyokatwa. Inayochechemea kaituma kwanza kwenye redio za milimani. Zisipoipiga katika wiki mbili, anaitupa, na iliyokatwa ndiyo itakayokwenda nchi nzima kwa jina langu. Nimeisikia hiyo. Nilipoisikia nilihisi kama mtu kanichapa kofi katikati ya sentensi.

Clovis Bowling wa redio ya mjini kwenu kaahidi kuipiga Jumatatu tarehe 7, saa tatu asubuhi. Redio nyingine zote za huko humsikiliza yeye kwanza. Fungua redio, na uniombee kwa nguvu zote.

L.


Pigeon Fork
10 Aprili 1969

Loma,

Sasa ni zamu yako kuketi.

Jumatatu baraza langu lilijaa. Ova alikuja na Ndugu Hiram, majirani zangu wa Combs walikuja wote saba, redio nimeiweka dirishani. Clovis akatangaza, "Na sasa binti yetu wa Pigeon Fork!" Wakapiga makofi. Gitaa likaanza, dum, da, dum, da, nikajua kidole chako kabla hujafungua mdomo. "Umekwenda na koti, umeniachia kofia…" Kimya. Na katika kimya hicho nikasikia krrr, sindano imeondolewa!

"Samahani wasikilizaji," anasema Clovis, "santuri ina mkwaruzo." Akaipuliza, nilimsikia akiipuliza. Akaanza upya. Akafika palepale, krrr. "Ngojeni niiwekee senti juu ya mkono wa sindano, uwe mzito." Mara ya tatu. Krrr. "Basi jamani," akasema, "huko Nashville wanatutumia mabovu. Hii naitia kwenye kapu la taka, na nitawapigia wenzangu wasihangaike nayo." Akaweka tangazo la mbolea.

Ova akasema, "Maskini Loma." Na mimi, mwanangu, nikajikuta nimesimama katikati ya barabara na aproni yangu, nimelisimamisha lori la makaa la Combs mkubwa. "Nipeleke mjini," nikamwambia. "Shangazi, nina mzigo." "Una mdomo pia. Endesha."

Niliingia redioni bila kubisha. Clovis kavaa vile vitu masikioni, kakaa kama kuku anayeatamia. Akaniashiria ninyamaze, taa nyekundu inawaka. Nikamwambia, "Clovis Bowling, itoe hiyo santuri kwenye taka."

"Mama Fugate, tuko hewani."

"Hewani ndiko ninakokutaka. Haina mkwaruzo."

"Mama, inasimama. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Inasimama kwa sababu mimi nilikuwa nasimama. Wimbo ni wangu, Loma kautoa kwangu. Hapo nilikuwa natema ugoro."

Loma, nilisikia neno hilo likitoka, nikajua limeshafika barazani kwangu kabla mimi sijafunga mdomo. Maji yakimwagika hayazoleki. Clovis akasema, "Ugoro? Wewe? Si uliuacha tangu zama za mkutano wa injili?"

"Niliuacha siku nne. Na usinikodolee macho, marehemu mama yako alikuwa akiazima kwenye kopo langu."

Hapo akacheka mpaka akavua vile vitu vya masikioni. Akaiokota santuri, akaifuta kwa tai yake, akaipiga yote mpaka mwisho. Simu ikaanza kulia. Akaipiga tena. Mtu mmoja wa ng'ambo ya mto alipiga simu kusema mkewe anatema sawasawa na wimbo. Akaipiga mara tano kabla ya saa sita! Kisha mbele yangu akampigia Bwana Prewitt wako, akamwambia, "Hiyo uliyoikata kwa wembe kaifungie samaki. Milimani tunataka inayotema." Kwa hiyo shangilia, mtoto wangu. Umeshinda. Nimepiga kelele peke yangu jikoni siku tatu mfululizo.

Jana usiku wa maombi nilikwenda kanisani na kichwa juu. Ndugu Hiram akasema kanisa limesikitika, nikae benchi la nyuma mpaka mwezi wa sita. Nikakaa. Ova akapita karibu nami, akaninong'oneza, "Vesta, unanunua wa kopo jekundu au la bluu?" Usimwambie mtu.

Kuna jambo moja sikulisema redioni wala kanisani. Clovis aliniomba niuimbe mwenyewe, watu wasikie ulikotoka. Nikauimba, kwa maneno yako. Sijawahi kuuimba na maneno. Kwangu siku zote ulikuwa la-la-la. Nikafika kwenye kofia, nikasimama. Clovis akacheka, nadhani bonde zima lilicheka, wakijua Mama Fugate anatema.

Sikuwa na kitu mdomoni, Loma. Nilitoka nyumbani mbio, kopo lilibaki nyuma ya pipa. Nilisimama kwa sababu nilimwona Hobart, asubuhi ile ya mwisho, akigeuka mlangoni kuniambia kitu nami nilikuwa na haraka ya kufua, nikamwambia atasema jioni. Miaka kumi na moja sijampa hata pigo moja. Siku ile nikampa mawili, na watu wanacheka, na sikujali.

Kwa hiyo ile habari ya mjane, ya nyuma ya kasha, waambie wanaweza kuichapa sasa. Imekuwa kweli.

Shangazi yako,
Vesta